Kopo linang'aa kwenye video, lebo iko wapi?

Siku hizi duka limehamia kiganjani. Mzazi wa Nyabusozi wilayani Biharamulo, au wa Rulenge na Kabanga wilayani Ngara, anaweza kuagiza mafuta ya mtoto, unga wa lishe, dawa ya mafua au mdoli kutoka Mwanza, Kahama au Kariakoo bila kutoka nyumbani. Anaona video kwenye stetasi ya WhatsApp, anauliza bei, anatuma pesa kwa simu. Baada ya siku chache kifurushi kinashushwa kwenye basi Nyakanazi au Biharamulo mjini, na bodaboda anamalizia safari.

Kwa familia iliyo mbali na maduka makubwa huu ni msaada wa kweli. Unaokoa nauli, siku ya kazi na shida ya kusafiri na mtoto mgongoni. Lakini kuna jambo moja ambalo mnunuzi amelipoteza katika mabadiliko hayo. Dukani alilishika kopo, akaligeuza, akasoma nyuma na chini. Kwenye video, kamera ndiyo inayosoma kwa niaba yake, nayo husoma kile tu alichoamua mpigaji.

Video nyingi za bidhaa zinafanana. Kamera imesogezwa karibu kabisa. Kidole kinachota mafuta meupe, au kijiko kinamimina uji mzito, na tone moja linaonekana wazi hadi mng'ao wake. Kila kilicho mbele na nyuma ya tone hilo kimefifia kama kilichofunikwa na ukungu wa asubuhi. Muziki laini unapigwa, na sekunde 15 zimekwisha. Mtazamaji amevutiwa, lakini hajasoma hata neno moja la kwenye lebo.

Ukungu unatoka wapi

Lenzi ya kamera huweka fokasi sawasawa katika umbali mmoja tu. Vilivyo mbele kidogo au nyuma kidogo ya umbali huo bado huonekana vizuri, lakini kitu kikizidi kujitenga nao huzama kwenye ukungu. Ukanda huo wa kuonekana wazi wapiga picha huuita kina cha fokasi. Hupungua tundu la lenzi linapofunguliwa sana, lenzi inapokuwa ya kuvuta mbali, na zaidi kamera inaposogezwa karibu na kitu.

Mfano wa tarakimu unasaidia. Kamera kubwa ya studio yenye lenzi ya milimita 50, tundu lake likiwa wazi kwa kiwango cha 1.8, ikimpiga mtu aliye umbali wa mita 3, ukanda unaoonekana wazi ni kama sentimita 38. Hapo uso na mabega vyote huonekana vizuri. Kamera hiyohiyo ikisogezwa hadi nusu mita kutoka kwenye kopo, ukanda unabaki kama sentimita 1. Kwa lenzi maalumu ya kupigia vitu vidogo, ikisogezwa mpaka mwisho wake, ukanda unaweza kuwa chini ya nusu milimita, yaani takriban unene wa ukucha.

Kopo la mafuta lina upana wa sentimita kadhaa. Ukanda wa sentimita 1 ukiangukia kwenye ukingo wa mbele, maandishi yanayozunguka ubavuni hayawezi kusomeka, hata kama yako ndani ya picha.

Kamera za simu kwa kawaida zina kihisi kidogo, na kwa sababu hiyo huonyesha karibu kila kitu wazi. Ndiyo maana watengenezaji wa simu walitafuta njia ya kuutengeneza ukungu kwa programu. Simu ya iPhone 7 Plus ililetewa uwezo huo kwenye picha mwaka 2016, na mwaka 2021 iPhone 13 ikauleta kwenye video. Leo hata simu nyingi za bei ya kawaida zinao. Programu hukisia kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, kisha hufifisha cha nyuma. Simu ikisogezwa karibu sana, ukungu wa lenzi yenyewe hutokea pia.

Mzazi anayetaka kuuona ukungu huu bila kamera afumbe jicho moja, anyanyue kidole gumba kama sentimita 20 mbele ya jicho lingine, kisha autazame ukucha. Mgomba ulio nyuma yake utafifia. Akiutazama mgomba, kidole ndicho kitakachofifia. Tofauti ni kwamba jicho lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kulihamisha anapotaka. Kwenye video, aliyeamua jicho litue wapi ni yule anayeuza.

Si kila ukungu ni hila

Haki itendeke kwa wauzaji. Wengi wao ni akina mama na vijana wanaofanyia kazi kwenye chumba kimoja, na ukungu unawasaidia kuficha kamba ya nguo, ndoo na kitanda ambacho hakijatandikwa. Wengine wameona wenzao wakifanya hivyo na wateja wakaongezeka. Mpigaji hodari hutumia ukungu ili macho yasitangetange, na kufanya hivyo si kosa.

Hata hivyo, matangazo yana historia ndefu ya kutumia kamera kuonyesha zaidi ya kilichopo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchini Marekani, kampuni ya Campbell ilipiga picha za bakuli la supu ambamo gololi za kioo zilikuwa zimewekwa chini. Gololi zilisukuma mboga na vipande juu, supu ikaonekana imejaa vitu. Mamlaka ya biashara ya nchi hiyo iliingilia kati, na matangazo hayo yakakoma. Supu ilikuwa supu kweli, lakini picha ilimpa mnunuzi jibu lisilo sahihi kwa swali alilokuwa nalo, yaani ndani ya bakuli mna kiasi gani.

Swali la mzazi anayenunulia mtoto ni zito zaidi. Anataka kujua kilichomo, kimetengenezwa na nani, kinaisha lini, na nani amekikagua. Majibu yote manne hukaa kwenye herufi ndogo, pale pale ambapo ukungu huangukia.

Mafuta na krimu

Mfano wa kwanza ni mafuta ya ngozi. Zebaki na haidrokwinoni ni viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini, lakini bado hupatikana katika baadhi ya krimu za kung'arisha na katika mkorogo unaouzwa kwa kopo lisilo na jina. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Mama anayejipaka huihamishia kwa mtoto anapombeba, anapomnyonyesha na anapolala naye shuka moja, hata kama mtoto mwenyewe hapakwi.

Dunia nayo imekaza kamba. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017, uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki iliyoongezwa ifikapo 2025.

Sheria hizo zina faida kwa mzazi pale tu anapoweza kusoma orodha ya viambato. Video ya krimu nyeupe inayoyeyuka juu ya kiganja haionyeshi orodha hiyo. Weupe, ulaini na mng'ao wa krimu havimwambii mtu kama ina zebaki au haina.

Dawa za maji

Mfano wa pili ni dawa za watoto. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa nchini Gambia zikiwa na kemikali zenye sumu zinazoharibu figo. Makumi ya watoto walikuwa wamefariki dunia. Tahadhari hiyo iliwataka watu waangalie jina la dawa na la mtengenezaji.

Hapa ndipo lebo inapogeuka kuwa suala la uhai. Sumu ya namna hiyo haionekani kwa macho, hata picha ikiwa safi kiasi gani. Njia pekee ya mzazi kujua kama chupa aliyo nayo ndiyo inayotajwa ni kulinganisha jina, mtengenezaji na namba ya toleo. Aliyenunua kwa kutazama tone jekundu likidondoka kwenye kijiko, na kuletewa chupa iliyobanduliwa lebo, hana cha kulinganisha.

Kwa sababu hiyo, dawa ya mtoto isinunuliwe kwa video kabisa. Inunuliwe famasi au kwenye duka la dawa muhimu lenye kibali, au itolewe na zahanati baada ya mtoto kuonwa. Video nzuri haiwezi kumpima mtoto homa wala kujua uzito wake, na dozi ya mtoto hutegemea uzito na umri.

Maziwa ya kopo nayo yana utaratibu wake. Kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 1981 na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani inakataza kuyatangaza maziwa mbadala kwa umma, na Tanzania ina kanuni zake zinazosimamia biashara hiyo. Mtoto hadi miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Mzazi akiona video ya unga mweupe ukizunguka kwenye chupa ya kunyonyea huku mtoto mnene akicheka nyuma kwenye ukungu, ajue tangazo lenyewe halikupaswa kumfikia.

Vidogo vinavyoonekana vikubwa

Video ya karibu ina athari nyingine ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Nyuma ikishafifia, mtazamaji hana kitu cha kulinganishia ukubwa. Kopo la gramu 50 linajaza kioo cha simu sawasawa na la gramu 500. Mdoli wenye urefu wa kidole unaonekana kama wa kukumbatiwa.

Kwa fedha, hiyo ni hasara. Kwa mwanasesere, inaweza kuwa hatari. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, na vipande vidogo vinaweza kumkaba. Viwango vya kimataifa hutumia kipimo cha mviringo chenye upana wa milimita 31.7, na kipande kinachoingia chote humo hakimfai mtoto wa umri huo. Nyumbani, kigamba cha karatasi kinachobaki toilet pepa ikiisha, chenye upana wa kama sentimita 4, kinaweza kutumika kama kipimo cha tahadhari.

Midoli inayowaka taa au kuimba ina hatari zaidi, kwa sababu mingi hutumia betri bapa za duara. Aina moja inayotumika sana ina upana wa milimita 20. Ikimezwa ikakwama kooni inaweza kuanza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu. Kutoka Nyabusozi hadi hospitali yenye vifaa vya kuitoa, saa mbili si muda mrefu. Jambo la kuangalia ni kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, na mara nyingi kifuniko hicho kiko upande wa nyuma ambao video haikuuonyesha.

Cha kumwomba muuzaji

Dawa ya ukungu ni kuomba picha nyingine. Mzazi hana haja ya kugombana na mtu wala kumtuhumu. Ujumbe mfupi unatosha: "Habari dada, nimeyapenda mafuta. Naomba nipigie picha ya nyuma ya kopo na chini yake, mchana, maandishi yote yasomeke. Weka na shilingi mia pembeni nione ukubwa."

Muuzaji mwaminifu hujibu, "Sawa mama, dakika moja," na picha inakuja. Anayejibu kwa kutuma video ileile mara ya pili, au anayesema mzigo ni mwingi hana muda, ametoa jibu pia.

Kwenye picha hiyo mzazi aangalie mambo haya:

Kwanza, jina la bidhaa na la mtengenezaji pamoja na mahali anapopatikana. Kopo lisilo na mtengenezaji halina wa kumuuliza.

Pili, orodha ya viambato. Isiyosomeka, au iliyofunikwa na stika ya bei, ihesabiwe kuwa haipo.

Tatu, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Mara nyingi hupigwa chini ya kopo au kwenye mkunjo wa tyubu, sehemu ambazo hazipendezi kwenye video.

Nne, ujazo au uzito, kwa gramu au mililita. Hiki ndicho kipimo cha kulinganishia bei, si ukubwa unaoonekana kwenye simu.

Tano, ushahidi wa kukaguliwa. Tangu Julai 2019, baada ya TFDA kugeuzwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, majukumu yamegawanywa. Dawa na vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, wakati chakula na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mzazi mwenye shaka anaweza kuuliza taasisi inayohusika, akiwa na jina na namba ya toleo mkononi.

Sheria nayo iko upande wa mnunuzi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ampe mnunuzi taarifa kuhusu yeye mwenyewe na bidhaa anayouza. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inashughulikia upotoshaji wa wateja na bidhaa bandia. Anayetaka kulalamika ahifadhi video, ujumbe na risiti ya muamala kabla stetasi haijafutika, maana hudumu saa 24 tu.

Kifurushi kinapofika, kifunguliwe mbele ya mwanga na kulinganishwa na picha iliyotumwa. Namba ya toleo na tarehe zikitofautiana, muuzaji aulizwe kabla mtoto hajapakwa wala kulishwa.

Kamera ya mzazi mwenyewe

Elimu hii ina matumizi mengine, pengine yenye faida kubwa zaidi kwa familia. Wazazi wengi sasa hutuma picha ya upele wa mtoto kwa mhudumu wa afya, au picha ya dawa kwa ndugu aliye mjini ili wamsomee. Picha hizo mara nyingi huharibika kwa ukungu uleule. Mzazi husogeza simu karibu akidhani ndivyo itakavyoona vizuri, kumbe kamera nyingi za simu haziwezi kuweka fokasi kwa kitu kilicho karibu kuliko sentimita 8 au 10.

Njia bora ni kurudisha simu nyuma hadi kama sentimita 30, kwenye mwanga wa mchana mlangoni au chini ya kivuli, bila flashi. Hali ya potreti izimwe. Kidole kiguse kioo cha simu juu ya sehemu inayotakiwa, mkono utulie, ndipo picha ipigwe. Kukuza kunaweza kufanyika baadaye. Chupa ishikwe ikitazamana sawasawa na kamera, kisha izungushwe na kupigwa picha kila upande.

Kwa upele zinahitajika picha mbili. Moja ni ya mbali inayoonyesha uko sehemu gani ya mwili, na nyingine ni ya karibu ikiwa na sarafu au rula pembeni kuonyesha ukubwa. Picha zitumwe kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp ikizituma kawaida huzipunguza ubora. Ziende kwa mhudumu peke yake, si kwenye kundi la mtaa, kwani mwili wa mtoto ni siri yake.

Hata picha nzuri ina mipaka. Mtoto mwenye homa kali, anayepumua kwa shida, anayetapika kila kitu, aliyeshindwa kunyonya au aliyepata degedege hasubiri majibu ya ujumbe. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na dawa yoyote aliyokwisha kupewa ipelekwe pamoja naye ikiwa kwenye chupa yake, lebo ikiwa haijabanduliwa.